CPAP si lazima iwe ICU

Dada, umeuliza kama mtoto njiti kuwekewa CPAP ni sawa na "kuwekwa kwenye mashine" ICU, wodi ya wagonjwa mahututi. Hapana, si sawa. CPAP ni hewa yenye oksijeni inayosukumwa puani kwa mirija mifupi, bila mpira kupitishwa kooni. Mtoto anapumua mwenyewe. Ile hewa inazuia tu mapafu yasisinyae kila akitoa pumzi. Ndiyo maana inafanyika wodini, mradi nesi aliyefundishwa yuko karibu.

Nimekesha nazo sana wodi ya watoto wachanga hapa Kigoma. Ile chupa inayotokota mapovu pembeni ya kitanda, ambayo akina bibi huiogopa, ndiyo kipimo chenyewe cha presha ya hewa: ncha ya mpira wa hewa ikizama sentimita 5 kwenye maji ya chupa, presha ni hiyo hiyo, sentimita 5 za maji. Mapovu yakikoma usisubiri, mwite nesi. Mara nyingi ni mirija imechomoka puani, au mtoto kaachama mdomo na hewa inatorokea hapo.

Ila akiwa anasahau kupumua mara kwa mara hata akiwa nayo, hapo ndipo habari ya ICU inapoanza.