Mshahara wa HR Uingereza: wa kwenye tangazo na wa kushika mkononi

Swali linakuja karibu kwa maneno yale yale, liwe limetoka Dar, Mwanza au Mombasa: "Kaka, afisa rasilimali watu (HR) huko Uingereza anakula ngapi? Nina digrii ya Mzumbe na miaka mitano kazini, nikija napata?" Majibu mengi yanayozunguka ni ya watu waliochungulia tangazo moja la kazi, wakazidisha kwa shilingi elfu tatu na ushee, wakaona zaidi ya milioni mia kwa mwaka. Kuzidisha si kosa. Kosa ni kuzidisha kitu ambacho mwenye kazi hakishiki.

Kwanza tuelewane: Waingereza hutaja mshahara wa mwaka mzima kabla ya makato. Tarakimu za hapa ni hizo, na kodi ni ya mwaka ulioanza 6 Aprili 2025.

Ngazi ya chini kabisa hutangazwa kama HR Administrator au HR Assistant. Huyu anaandaa mikataba, anawaandikia waajiri wa zamani kuulizia sifa za mtu, anaingiza likizo na ugonjwa kwenye mfumo. Analipwa kati ya pauni 24,000 na 28,000. Sasa linganisha: kima cha chini cha mshahara kisheria katika mwaka ulioanza Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Kwa wiki ya saa 37.5 inakuwa kama 23,800 kwa mwaka. Ndiyo, umesoma sawasawa: mtu wa HR anayeanza, mwenye digrii na tai shingoni, yuko hatua moja tu juu ya anayepanga bidhaa kwenye rafu za supamaketi. Usione aibu kuanzia hapo, ila usije ukidhani ni mshahara wa bosi.

HR Officer yuko 28,000 hadi 35,000. HR Advisor ni 32,000 hadi 42,000. Anayeitwa HR Business Partner, yaani yule anayekaa na wakuu wa idara na kuwaambia ukweli, huanzia 45,000 kwenda 60,000. Vyeo hivi lakini vinateleza. Kampuni moja inamwita "officer" mtu anayesimamia kesi nzima peke yake, nyingine inamwita "officer" karani. Soma majukumu, cheo kiache.

Ukitaka tarakimu zisizo na ubishi, angalia hospitali za serikali, NHS, kwa sababu mishahara yao iko hadharani kwa daraja (hapa ni ya mwaka wa 2025/26). Msaidizi wa HR mara nyingi yuko daraja la 3 au la 4, na daraja la 4 ni 27,485 hadi 30,162. Afisa au mshauri yuko la 5 au la 6. La 5 huanza 31,049. Ukimaliza miaka miwili unaingia 33,487. Ukimaliza minne unafika 37,796, basi, hapo ndipo dari. La 6 ni 38,682 hadi 46,580. Ndani ya jiji la London huongezwa asilimia 20, kwa hiyo yule wa 31,049 anasoma 37,259. Sekta hii haina bei ya sokoni ya kujadiliana sana: unaanzia chini ya daraja isipokuwa wakubali uzoefu wako, na jambo hilo liombe kwa maandishi kabla ya kusaini. Ukishasaini umekwisha. Faida yake kubwa haionekani kwenye tangazo: mwajiri anachangia pensheni yako asilimia 23.7, wakati kampuni binafsi nyingi hutoa asilimia 3 ya lazima na kunyamaza.

Sasa tufungue hati ya mshahara ya afisa wa pauni 32,000 kwenye kampuni ya kawaida. Kwa mwezi ni 2,666. Pensheni yake, asilimia 5 ya sehemu ya mshahara iliyo juu ya 6,240, inaondoka na 107. Kodi ya mapato, pensheni ikishatolewa, ni asilimia 20 ya kinachozidi 12,570 kwa mwaka, na kwa mwezi inakuwa 302. Bima ya taifa, asilimia 8 ya kinachozidi kiwango hicho hicho, inachukua 129 na senti zake. Zinabaki kama 2,127. Hapo hujalipa pango, kodi ya halmashauri, umeme, gesi wala nauli. Chumba kimoja katika nyumba ya kushirikiana jikoni na choo, London, hupati kirahisi chini ya pauni 800. Leeds au Leicester unafuu upo, na ndiyo maana mtu wa 30,000 huko anaweza kuishi vizuri kuliko wa 36,000 wa London. Anayekupigia hesabu ya London bila pango anakuchezea.

Tuje kwenye kinachopandisha mshahara wenyewe. Watu wa nyumbani hudhani ni digrii. Digrii inakufungulia mlango, haikupandishi ngazi. Kinachopandisha ni kesi: vikao vya nidhamu, malalamiko ya wafanyakazi, watu wanaougua muda mrefu, wanaoshindwa kufikia viwango vya kazi, na upunguzaji wa wafanyakazi. Sababu ni pesa tupu. Mwajiri akimfukuza mtu bila kufuata utaratibu wa ACAS, chombo cha usuluhishi ambacho kwa kazi zake unaweza kukifananisha na CMA ya kwetu Tanzania (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi), mahakama ya kazi inaweza kuongeza fidia kwa hadi asilimia 25. Akipanga kupunguza watu 20 au zaidi ndani ya siku 90, lazima mashauriano yaanze angalau siku 30 kabla ya wa kwanza kuondoka. Wakifika 100, siku 45. Afisa aliyeendesha jambo hilo akalimaliza bila shauri kwenda mahakamani analipwa zaidi, kwa sababu amemwokolea mwajiri pesa nyingi kuliko nyongeza anayoiomba.

Na hapa ndugu zetu wanajidhulumu wenyewe. Mtu amekaa miaka sita kwenye kiwanda, amesimama mbele ya CMA, anajua mlalamikaji ana siku 30 tangu kuachishwa kazi kujaza fomu, amekaa meza moja na chama cha wafanyakazi. Halafu kwenye wasifu wake anaandika "nilishughulikia masuala ya nidhamu". Msomaji wa Uingereza haoni kitu. Andika kwa hesabu: wafanyakazi 420, vikao 18 vya nidhamu kwa mwaka, rufaa ngapi, zilizofika kwenye usuluhishi ngapi na zikaishaje, mfumo gani wa kompyuta ulitumika. Uzoefu wa kufanya kazi na chama cha wafanyakazi ni mali hasa kwenye halmashauri, hospitali na vyuo vikuu, kwa sababu vijana wengi wa kampuni binafsi za huko hawajawahi kukaa na mwakilishi wa chama hata siku moja.

Cha pili ni CIPD, chama cha kitaaluma cha watu wa HR. Matangazo huandika "CIPD Level 5 or equivalent", na huyo "sawa na hiyo" mara nyingi ni adabu tu. Kuna Level 3 ya kuanzia, Level 5 ambayo ndiyo inayotakiwa kwa afisa na mshauri, na Level 7 yenye uzito wa shahada ya uzamili. Level 5 huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu ukisoma jioni, na hugharimu takriban pauni 2,000 hadi 3,500 kutegemea chuo, juu yake ada ya uanachama ya kila mwaka. Jambo ambalo wengi hawajui ni kwamba inasomwa kwa mtandao ukiwa nyumbani kwako Kinondoni. Ila usirukie Level 7 kwa kiburi cha digrii wakati hujawahi kugusa sheria za kazi za huko. Utapata cheti kikubwa, na kwenye usaili watakuuliza hatua za kikao cha nidhamu ukatoa za Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Sheria nzuri, nchi nyingine.

Mengine kwa ufupi. Benki na mawakili wa London hulipa juu, mashirika ya hisani chini. Anayejua mifumo ya kompyuta ya HR kama Workday au SAP SuccessFactors kwa undani, wa kuijenga na kutoa ripoti na si wa kujaza tu, anaweza kumpita afisa wa kawaida bila kuongoza mtu yeyote. Vivyo hivyo anayeelewa malipo na marupurupu kwa hesabu. Wanaosimamia mafunzo na ustawi ndio huwa wa kwanza kupunguzwa mambo yakibana.

Matangazo nayo yana mitego. Tuchukue tangazo lenye mstari huu: "£34,000 pro rata, 0.6 FTE, 12-month FTC". Mtu anatuma picha kwenye kundi la WhatsApp: thelathini na nne elfu! Hapana. 0.6 ni siku tatu kwa wiki, kwa hiyo mshahara ni 20,400, na baada ya makato anashika kama 1,470 kwa mwezi. FTC ni mkataba wa muda maalumu, mara nyingi wa kumfidia aliye likizo ya uzazi. Mwaka ukiisha, mwenye kiti anarudi. Shule nazo huandika "term time only": unalipwa kwa wiki za masomo na likizo yako ya kisheria, kwa hiyo mshahara ulioandikwa hubaki kama asilimia 85. Mikataba ya mwaka mmoja hata hivyo usiidharau, kwa sababu ndiyo njia ya haraka ya kupata ule "uzoefu wa Uingereza" ambao kila mtu anaudai na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kukupa.

Sasa viza, na hapa nitasema bila kupaka mafuta. Hadi mapema Aprili 2024, kiwango cha kawaida cha mshahara kwa viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi kilikuwa 26,200, na ushauri mwingi unaozunguka bado ni wa enzi hiyo. Tangu 22 Julai 2025 ni 41,700, au kiwango ambacho serikali imeiwekea kazi husika kama ni kikubwa zaidi. Rudi juu utazame mishahara ya afisa: 28,000 hadi 35,000. Haifiki. Unafuu wa wauguzi na walimu haumhusu mtu wa HR hata kama meza yake iko ndani ya hospitali. Wenye umri chini ya miaka 26, au wanaotoka kwenye viza ya masomo, wana kiwango cha 33,400, lakini ni cha muda tu, na kiwango cha kazi husika nacho kinahesabiwa kwa punguzo. Halafu mwajiri mkubwa anayekudhamini hulipa serikali pauni 1,320 kwa kila mwaka wa viza tangu Desemba 2025, na 525 za cheti cha udhamini. Kwa miaka mitatu ni 4,485 kabla hujawasha kompyuta. Wewe nawe unadaiwa 1,035 kwa mwaka ya huduma ya afya, inayolipwa yote kwa mkupuo unapoomba. Mwajiri ana rundo la waombaji wasiohitaji viza kwa kazi ile ile. Kwa nini akuchukue wewe?

Ndiyo maana watu wetu wengi walioko kwenye ofisi za HR huko hawakuingia kwa mlango wa HR. Ni mke au mume wa muuguzi, maana mwenzi wa muuguzi mwenye viza ya kazi anaruhusiwa kufanya kazi bila mdhamini. Ni aliyesoma uzamili huko akatumia kipindi cha baada ya masomo kupata nafasi. Ni mwenye ukaazi. Kama uko kwenye mojawapo ya makundi haya, mpango unaeleweka: Level 3 au 5, kazi ya msaidizi mwaka mmoja, halafu uhamie kwa mwajiri mwingine, kwa sababu kuhama ndiko kunakoongeza mshahara kuliko kungoja nyongeza. Kama hauko, na kuna dalali anayekuambia ana "nafasi ya HR yenye udhamini" kwa pauni 29,000, muulize inapitaje kwenye 41,700. Ukisikia anazungukazunguka, funga mkoba wako.

Kwa atakayeipata, kuna jambo la wiki ya kwanza linalowaumiza wageni. Utaombwa share code, namba ya herufi na tarakimu tisa inayoanza na W, uitoe kwenye tovuti ya serikali kuthibitisha haki yako ya kufanya kazi. Pamoja nayo utapewa fomu ya mfanyakazi mpya. Ijaze siku hiyo hiyo useme kwamba hii ndiyo kazi yako ya kwanza tangu mwaka wa kodi uanze, ikiwa ndivyo. Usipoijaza, mwajiri analazimika kukuweka kwenye namba ya kodi 0T badala ya 1257L, na utakatwa kama mtu asiye na msamaha wowote. Kwa yule wa 32,000 ni karibu pauni 210 zaidi kwa mwezi. Zinarudi namba ikisahihishwa, kwenye mshahara wa mwezi mmoja au miwili mbele, ila mwenye nyumba hangoji marejesho, kwa hiyo mwezi wa kwanza usimwahidi mtu yeyote nyumbani kwamba utatuma.