Mzee akituma habari ya uongo kwenye grupu la ukoo

Kila grupu la ukoo lina mzee wake wa habari. Kwetu ni baba mkubwa. Akishaswali alfajiri anashika simu, na sisi wengine tunapoamka tunakuta ameshatuletea ya dunia nzima: bei ya mafuta, vita vya Mashariki ya Kati, dawa ya presha, msanii fulani kafariki. Nyingine ni za kweli, nyingine hazina ukweli hata chembe. Vijana wengi wakiona ya uongo ama wanaipita kimya kimya, ama wanaandika kwa herufi kubwa "HUU NI UZUSHI" mbele ya wajukuu na wakwe. Zote mbili zinaniuma. Ukinyamaza uongo unasambaa, ukimuumbua mzee anajitoa kwenye grupu, na akishajitoa ataendelea kuwatumia wenzake hizohizo bila wewe kuziona.

Kabla ya kumsahihisha, mfikirie alikotoka. Baba mkubwa alikulia kwenye Radio Tanzania Dar es Salaam. Ikifika saa mbili usiku, taarifa ya habari ikisomwa, nyumba nzima kimya, mtoto akikohoa anatolewa nje. Kulikuwa na Idhaa ya Kiswahili ya BBC iliyoanza 1957, na ile ya Ujerumani iliyoanza 1963. Kwa mtu wa rika lake, jambo likisemwa kwa sauti iliyotulia, kwa Kiswahili kilichonyooka, ujue limeshapita kwa watu wanaoijua kazi yao. Leo yeyote mwenye simu anaweza kuigiza sauti ile.

Lakini kipindi ambacho mimi hukitumia zaidi ninapozungumza naye ni matangazo ya vifo. Waliosikiliza RTD wanakumbuka yalivyokuwa yakisomwa: bwana fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha ndugu yake fulani, kilichotokea siku fulani hospitali fulani, mazishi yatafanyika kesho kijijini, habari ziwafikie fulani wa Moshi, fulani wa Mwanza, na ndugu na jamaa wote popote walipo. Anayetangaza anatajwa wa kwanza, hata kabla ya marehemu. Ukitaka kuuliza unajua umuulize nani. Basi nikiletewa ujumbe kwamba mtu mkubwa amefariki, namuuliza baba mkubwa: "Hapa anayetangaza ni nani?" Anausoma tena, anakaa kimya, halafu anasema, "Kweli, hakuna mwenyewe." Nikija na maneno ya algorithimu hatuelewani kabisa, ila hilo la mtangazaji analielewa kuliko mimi.

Kuna alama moja inayofaa kufundishwa kila mzee mwenye WhatsApp. Ujumbe uliopita mikono mingi, kuanzia watu au magrupu matano kwa kupokezana, hutokea na mishale miwili juu yake. Tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo huwezi kuusambaza zaidi ya sehemu moja kwa mpigo. Mishale miwili haimaanishi ni uongo. Ina maana kwamba aliyekutumia si mwenye habari, na aliyemtumia yeye pia si mwenye habari. Baba mkubwa siku hizi akikutana nayo anaandika chini yake, "Hii ina mishale, wenye kujua mtujuze." Kwangu hayo ni mafanikio makubwa, maana hajaacha kutuletea habari, ila sasa anatuletea pamoja na swali.

Desemba 2023, tope lilipoporomoka kutoka Mlima Hanang na kuifunika sehemu ya mji wa Katesh, kwenye grupu letu ziliingia picha za kutisha, na kati yake video moja ya magari yanayosombwa kwenye barabara pana ya lami. Baba mkubwa aliituma akiwa na uchungu wa kweli, kwa sababu tuna ndugu upande wa Manyara. Niliiangalia mara ya pili nikiwa nimeisimamisha. Gari la mbele lilionekana vizuri kwa ndani, usukani uko kushoto. Magari mengine yaliyobaki barabarani yalikuwa yanapita kulia. Tanzania tunaendesha kushoto, usukani uko kulia. Ile haikuwa Katesh, na ukiangalia maghorofa ya nyuma haikuwa Afrika Mashariki kabisa.

Sikuandika kitu kwenye grupu. Nilimpigia.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba. Umeiona hiyo ya Katesh?"

"Nimeiona, imenihuzunisha. Baba mkubwa, hebu ifungue tena, uangalie dereva wa lile gari jeupe kakaa upande gani."

Aliendesha lori miaka mingi, kwa hiyo sikuhitaji kumweleza zaidi. Alicheka kidogo, akasema, "Hii ya Waarabu hii." Ilikuwa ya nchi gani sijui, na haikuwa na haja. Aliifuta mwenyewe, akaandika kwamba ile ya kwanza si ya kwetu, ila watu wa Katesh wameumia kweli na tuwachangie. Mimi nikamtumia taarifa kutoka chombo cha habari kinachojulikana, aibandike yeye. Hili la mwisho nalisisitiza sana: usimwondolee mzee habari ukamwacha mikono mitupu. Yeye anatafuta cha kuwapa watu wake. Mpe kilicho sahihi, akitoe kwa jina lake.

Ukishindwa kuijua video au picha kwa macho yako, Google Lens, ile ya kutafuta mtandaoni kwa kutumia picha, inaweza kukuonyesha ilishatokea wapi kabla; video isimamishe kwanza uipige picha ya skrini. PesaCheck na JamiiCheck nao hutoa uhakiki kwa Kiswahili, na kiungo cha Kiswahili mzee atakisoma. Mambo ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inayogusa pia taarifa za uongo, mimi sianzi nayo. Ni kweli ipo na inauma, lakini mzee aliyetishwa na mtoto wa mdogo wake hasikilizi tena.

Atakuja siku akuulize, "Mbona ile ya Magufuli ilikuwa kweli?" Usilikwepe. Machi 2021 Rais hakuonekana hadharani kwa zaidi ya wiki mbili, watu wakanong'onezana, viongozi wakasema yu mzima anachapa kazi, mpaka usiku wa tarehe 17 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alipotangaza kifo chake kwenye televisheni. Uvumi unanona wenye habari wanapowanyima watu habari, na sitamlaumu mzee kwa kusikiliza minong'ono siku zile. Ninachomwambia ni kwamba kwenye minong'ono ileile mlikuwa na mambo chungu nzima ambayo hayakutokea, na tumeyasahau.

Upole wote huu una mipaka yake, na mipaka ni dawa na pesa. Iliwahi kuingia sauti ya mtu anayejiita daktari, anawaambia wenye sukari waache vidonge wanywe maji ya majani fulani. Shangazi yangu ana sukari na yumo kwenye grupu. Hapo sikusubiri kupiga simu. Niliandika hapohapo: "Wapendwa, hii ya dawa ya sukari tusiifuate. Mwenye vidonge aendelee navyo, akitaka kubadili chochote aongee kwanza na daktari wake." Sikumtaja aliyeituma. Kisha nikampigia shangazi, kisha nikampigia aliyeituma kumweleza kwa nini niliwahi kuandika kabla ya kuongea naye.

Kwenye pesa, zamani tulijihadhari na zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Sasa akili mnemba inaweza kuiga sauti ya mtu kwa kuchukua sauti fupi aliyoirekodi mwenyewe na kuitupa kwenye grupu, na sisi watu wa kutumiana sauti tumeziacha nyingi. Tumekubaliana nyumbani kwamba hata ukisikia sauti ya mwanao inalia iko kituo cha polisi, hutumi shilingi mpaka umekata, umempigia kwenye namba uliyoihifadhi wewe, na umemuuliza swali la nyumbani. Swali lenyewe analichagua baba mkubwa. La sasa linahusu ng'ombe wa bibi, na akiona limezoeleka analibadilisha. Haliandikwi kwenye simu ya mtu yeyote. Tunaambiana kwa mdomo tukikutana kwenye harusi au msibani, na aliyekosa kuhudhuria anapigiwa simu na baba mkubwa mwenyewe.