Kingamwili chanya si saratani, ila hiyo homa ifuatilieni

Dada, umeuliza kama kingamwili (protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na maambukizi) za virusi vya Epstein-Barr kutoka chanya kunamaanisha mdogo wako wa miaka 17 ana saratani. Hapana. Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanavyo virusi hivi, vimetulia ndani ya seli B, aina ya chembe nyeupe za damu.

Kinachonitia wasiwasi ni homa ya miezi minne, ini na tezi kuvimba, na vidonda vikubwa kila anapoumwa na mbu. Hayo huonekana virusi vikivamia seli T au NK, chembe nyeupe za aina nyingine; huo ni ugonjwa nadra ulioelezwa zaidi Japani. Mwombeni daktari wa damu apime wingi wa DNA ya virusi na achukue kinyama cha tezi. Ugonjwa huo ukithibitika, steroidi (dawa za kupunguza uvimbe) hutuliza tu. Tiba ya kuuondoa ni kupandikizwa uboho (ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu) wa mtu mwingine, kwa hiyo msikawie.