Manesi wawili wodi nzima, mwanangu yupo salama?

SWALI: Dada nesi shikamoo. Mwanangu wa miaka 5 alifanyiwa opereshini ya mafindofindo, thieta ilienda vizuri tu, ila usiku ule wodini ndo nilichanganyikiwa. Wodi imejaa, manesi wawili, mmoja yupo kwa mtoto aliyezidiwa kule mwisho, mwingine anahangaika na dripu, mimi nikaambiwa mama tusaidie kumwangalia. Alfajiri mtoto akatapika kitu cheusi cheusi, nikatoka mbio kutafuta mtu, wakamrudisha thieta na namshukuru Mungu kapona. Sasa mdogo wake wa miaka 2 anatakiwa opereshini ya ngiri. Hivi uchache wa manesi kweli unaweza kumdhuru mtoto au ni woga wangu tu? Na nikiuliza hospitali si wataniona nina kiherehere?
Mama wawili, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana kwa usiku ule. Sio woga wako, ulichokiona ndo chenyewe.

Mtoto akishatoka thieta anahitaji mtu wa kumtazama, tena na tena, na mtu huyo awe anajua anatafuta nini. Chukua huyo wa mafindofindo. Damu ikivuja kooni usiku haimwagiki kwenye shuka uione, mtoto anaimeza akiwa usingizini, na dalili yake ni ndogo mno, unamwona amelala lakini koo linameza meza kila mara. Nesi akipata dakika mbili za kusimama pale na tochi ataiona, ila nesi anayepita mbio kubadilisha dripu hataiona hata awe hodari vipi, matokeo yake habari inakuja mtoto akitapika, na damu iliyokaa tumboni hutoka nyeusi kama ulivyoona. Na mtoto wa kilo 16 ana damu kama lita 1 na robo tu mwilini, kwahiyo kikombe kimoja cha chai kikipotea ni karibu moja ya tano ya damu yake yote. Kibaya zaidi mwili wa mtoto unajikaza, presha inabaki nzuri mpaka mwishoni kabisa halafu inaanguka ghafla, ndo maana tunaangalia mapema moyo unavyokwenda mbio, pumzi, mikono na miguu kuwa ya baridi. Vitu hivyo vinataka mtu arudi kitandani mara kwa mara, na mtu mmoja mwenye watoto ishirini hawezi, hilo halihitaji kubishana.

Utafiti upo pia. Mwaka 2002 Linda Aiken na wenzake walichapisha matokeo kutoka hospitali 168 za Pennsylvania huko Marekani, wakakuta kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa nesi aliye na wagonjwa wa upasuaji, uwezekano wa wagonjwa hao kufa ndani ya siku 30 ulipanda kwa asilimia 7. Wale walikuwa watu wazima, na mtoto ndo anabadilika haraka zaidi. California wao wameweka kwenye sheria, ilipitishwa 1999 ikaanza kutumika 2004, wodi ya watoto nesi mmoja asizidi watoto 4, na kwenye chumba cha kuzindukia asizidi wagonjwa 2. Sisi huku wodi zina upungufu na wakati huohuo kuna vijana wamemaliza chuo cha uuguzi wapo nyumbani wanasubiri ajira, hilo linaniuma sana. Kwahiyo usiwakasirikie wale manesi wawili, walikuwa wanabeba mzigo wa watu wengi.

Kuhusu kuuliza, wewe uliza, tena kabla ya siku yenyewe. Mwone inchaji wa wodi kwa heshima, muulize usiku wanakuwa manesi wangapi, mtoto wangu atapimwa kila baada ya muda gani, nikiona kitu sikielewi namwita nani. Omba mtoto awe wa kwanza asubuhi, maana akiingia mapema anazinduka mchana watu wapo wengi, na ngiri kwa mtoto wa miaka 2 mwenye afya njema mara nyingi wanaruhusu siku hiyohiyo. Wakikulaza, omba kitanda cha karibu na meza ya manesi. Akilala mfungue kifua umhesabie pumzi dakika nzima, na ukiona anakoroma tofauti na kawaida yake, mbavu zinaingia ndani, midomo inabadilika rangi, au unamwamsha haamki vizuri hasa baada ya dawa kali ya maumivu, usisubiri nesi amalize kazi ya kule mwisho, ita kwa sauti. Ila kuwa macho kwako hakuhesabiki kama nesi. Hujasomea, umechoka, na una haki ya kusinzia.

SWALI: Dada, mimi ni nesi wodi ya watoto, nina mwaka mmoja kazini. Usiku napangwa peke yangu na watoto waliotoka thieta siku hiyohiyo. Kikitokea kitu nitalaumiwa mimi. Nifanyeje?
Nesi mdogo

JIBU: Usinyamaze mdogo wangu. Ukipokea zamu tu ukaona hali hiyo mpigie msimamizi wa zamu saa ileile, usingoje mpaka mtoto azidiwe ndo upige. Waliotoka thieta leo wahamishie karibu na meza yako, anayetumia dawa kali ya maumivu kama mofini awe wa kwanza kabisa, na kile kibanio cha kidoleni cha kupimia oksijeni kama kipo kimoja basi kiwe kwake. Kwenye kitabu cha ripoti andika idadi kamili ya watoto, manesi wangapi, umempigia nani na saa ngapi, na asubuhi umpelekee metroni akisome. Halafu kitu kimoja naomba sana, usijaze chati vipimo ambavyo hukupima, najua wapo wanaofanya hivyo ili karatasi ionekane safi, lakini daktari wa asubuhi ataamini zile namba na mtoto ndo ataumia. Kama saa nane usiku hukupima, andika hukupima, na andika kwa nini.