Wachezaji wanapotea safari ikiisha: kwetu kilichosaidia ni amana

Mleta mada, pole, hali yako naielewa. Umeeleza kwamba kundi lenu la Telegram lina watu kumi na wanne, mnacheza hadithi kwa kuandika, kila mtu na mhusika wake wa kubuni na wewe ukiwa mwendeshaji, safari moja, yaani sura moja ya hadithi, inawachukua kama wiki sita, na ikifungwa tu kundi linaingia kimya cha wiki tatu. Mkirudi, nusu wamelefti au wapo lakini hawajibu. Umeuliza uwape nini cha kufanya katika hizo wiki tatu wasipotee, na kama uwatoe wale wanne ambao hawajaandika kitu tangu mwezi uliopita.

Naendesha kundi la namna hiyo mwaka wa sita sasa. Tuko kumi na wawili: wengi wapo Dar, Tanga na Mombasa, mmoja Dodoma, mmoja Muscat, mmoja Minneapolis. Mchezo wetu unaanzia Kilwa Kisiwani mwaka 1331, mwaka aliopita msafiri wa Morocco Ibn Battuta na kukuta mji unatawaliwa na Sultani Hasan bin Sulaiman. Kwa nilivyoona, watu hawapotei kwa kukosa shughuli. Wanapotea kwa sababu safari ikishaisha hakuna mwenzao hata mmoja anayewangoja. Wanaokungoja ni mwendeshaji peke yake, na mwendeshaji ni rahisi kumkimbia.

Mwaka wa kwanza nilifanya hicho unachofikiria kufanya. Kila siku kitendawili, Jumatano mashindano ya kumchora mhusika wako, alama zinajumlishwa, mshindi wa wiki anapata vocha ya elfu mbili kutoka mfukoni mwangu. Meseji zilimiminika kweli. Siku ya kuanza safari mpya wakaja watu watano. Walioshinda vitendawili hawakuwa wanawawaza wahusika wao hata kidogo, walikuwa wanacheza mchezo mwingine niliouleta mwenyewe. Wasiopenda mashindano walishazima arifa za kundi, na mtu akishazima arifa, hata upige ngoma hasikii.

Mwaka wa pili nikakosea vibaya zaidi. Nilitaka dunia yetu isisimame, kwa hiyo wakati wa mapumziko sultani akapandisha ushuru wa bandari, na ghala la mhusika mmoja likachukuliwa kwa deni. Mwenye mhusika huyo alikuwa kwenye mitihani ya chuo. Aliporudi akakuta ghala alilolijenga kwa miezi minane halipo. Hakugombana na mtu. Aliandika "sawa", kesho yake akalefti. Nilimpigia kumwomba radhi, akanisikiliza kwa heshima, lakini hakurudi tena. Tangu siku hiyo tuna sharti moja lisilovunjwa na mtu: wakati wa mapumziko, asiyekuwepo hapotezi kitu. Mhusika wake tunasema yuko Mafia kwa jamaa zake. Anaweza kurudi jahazi lolote, siku yoyote, na mali yake anaikuta kama alivyoiacha.

Sasa amana. Siku ya kufunga safari kila mhusika anamwachia mwenzake kitu kimoja akitunze. Kiwe kidogo, cha kubebeka mkononi: kisu, barua iliyofungwa, ufunguo, tasbihi, mche wa ndimu. Aliyeachiwa haruhusiwi kukitumia, kukiuza wala kukifungua, na mara moja kwa wiki anamwandikia mwenye mali mistari miwili mitatu kumweleza hali ya kitu chake. Mwenye mali naye anajibu akiweza. Hakuna zaidi ya hapo. Sikuhitaji kueleza kanuni nyingi, kwa sababu kila mtu kwenye kundi amelelewa akijua amana ni nini na mtu anayeila anaitwaje.

Nani anamtunzia nani tunapanga kwa kura, na hapa kuna jambo nimejifunza kwa kupata hasara. Usiruhusu watu wawili wabadilishane wao kwa wao. Wakinyamaza wote wawili, umewapoteza wote wawili na hutajua. Wapange mzunguko kama shanga kwenye uzi: mimi natunza cha Tanga, Tanga anatunza cha Mombasa, Mombasa anatunza cha Muscat, mpaka uzi urudi kwangu. Hivyo kila mtu ana kamba mbili, moja kwa aliyemwachia na moja kwa aliyeachiwa. Ikikatika moja, ya pili bado inamshika.

Nikupe mfano mmoja. Dada wa Tanga ni nesi, zamu za usiku hazimwishi. Mhusika wake, Bi Mwanakhamisi, ni mganga. Tulipofunga safari ya tisa alimwachia Nahodha Shomari, anayechezwa na kaka wa Muscat, mtungi mdogo uliozibwa kwa nta. Wiki ya kwanza Nahodha aliandika tu kwamba mtungi uko salama chini ya kitanda. Wiki ya pili, saa tatu usiku, akaandika:

"Bi Mwanakhamisi, salamu nyingi. Mtungi wako umeanza kutoa jasho, na mvua hatujaiona siku arobaini. Nimeutoa chini ya kitanda nikauweka barazani. Paka wa nyumba hapiti tena mlango ule."

Saa kumi kasorobo alfajiri, dada akiwa amepata nafasi ya kukaa kidogo kazini, akajibu: "Salamu zimefika, Nahodha. Jasho usilifute."

Basi, hayo tu. Kulipokucha watu tisa walikuwa wameandika. Mwenye mhusika fundi wa mitepe, vile vyombo vya mbao zilizoshonwa kwa kamba, akaja kuukagua mtungi. Mwingine akakataa kabisa kupita barazani. Yule wa Minneapolis, ambaye saa zake ziko nyuma ya zetu kwa nane au tisa kulingana na msimu na kwa kawaida anakuta mambo yameshapoa, aliandika aya ndefu kuliko zote kuhusu mtungi kama huo aliowahi kuuona bibi yake mhusika. Baadaye nilimuuliza dada faraghani mle ndani kuna nini. Akaniambia hajui, alikuwa anangoja Nahodha amwambie. Safari ya kumi yote ilizaliwa na mtungi ule, na sehemu kubwa sikuiandika mimi.

Ndiyo maana nasema usiwajazie shughuli. Ningekuwa nimeweka kitendawili usiku ule, mtungi usingepata nafasi.

Kuhusu muda. Gary Gygax, katika mwongozo wake wa waendeshaji wa Dungeons & Dragons (mchezo maarufu wa kuigiza wahusika) wa mwaka 1979, alishauri siku ambazo hakuna mchezo zihesabiwe moja kwa moja, siku yetu kwa siku ya mchezoni. Tulijaribu, kwetu ikawa fupi mno, mtu anaandika "bado niko sokoni" wiki nzima. Sasa siku moja yetu ni wiki moja ya Kilwa. Mapumziko ya wiki tatu yanakuwa wiki ishirini na moja, karibu miezi mitano, na hapo pwani yenyewe inakusaidia. Vyombo vya Uarabuni na Gujarati vilikuja na kaskazi na kurudi na kusi, na katikati wafanyabiashara walikaa mjini wakisubiri upepo ugeuke, mwenye kuoa akaoa, mwenye kukopa akakopa. Kilwa yenyewe ilineemeka kwa sababu iko karibu na mwisho wa umbali ambao chombo kingeweza kufika na kurudi kwa msimu mmoja, kwa hiyo dhahabu ya Sofala ilipita hapo. Wachezaji wangu wakisikia "upepo umefunga" wanajua ni mapumziko, na hakuna anayeona kundi limekufa. Ninyi mna ufalme wenu wa kubuni wenye milima. Tafuta kitu cha huko kinachofunga njia, mfano mvua kubwa au mto uliojaa, ili mapumziko yawe na sababu ndani ya hadithi yenyewe.

Na tarehe ya kurudi itaje siku ileile ya kufunga safari, uibandike juu ya kundi. Hili ni dogo lakini ukilikosa mengine yote yanalegea. Wiki tatu ni nzuri, nne zinavumilika. Zikifika tano, nimeona hata amana zinasahaulika. Ramadhani tunasimama kabisa, hata amana haziandikiwi, na baada ya Idi tunaendelea kama vile mwezi ule haukuhesabiwa.

Wewe mwendeshaji kazi yako mapumzikoni iwe moja, fupi, kwa siku maalumu. Mimi kila Ijumaa usiku natoa "Habari za bandarini", mistari mitatu minne ya uvumi. Wazo si langu wala si jipya. Dave Arneson, aliyekuja kuunda Dungeons & Dragons pamoja na Gygax, aliwatolea wachezaji wake wa Blackmoor huko Minnesota kijigazeti cha habari na uvumi mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa karatasi. Wiki iliyopita yangu ilisema hivi:

"Mtepe wa Mogadishu umetia nanga una ufa ubavuni. Nahodha anasema ni mwamba, mabaharia wanasema mwamba hauna meno. Shanga nyekundu zimeshuka bei. Husuni Kubwa, jumbani kwa sultani, usiku kuna taa inayotembea ukumbini, na mwenyewe hayupo."

Moja kati ya hizo ni kweli, moja ni uongo, moja nitaiamua nikiona wanaizungumzaje. Usijibu wakikuuliza ipi ni ipi. Waache wabishane, na ukiona wameushika uongo kwa nguvu zote, fikiria kuugeuza kweli. Iwe maandishi tu, bila picha wala sauti ndefu. Nusu ya watu wangu wananunua bando la siku, na mtu akifungua kundi akakuta sauti ya dakika saba anaifunga bila kuisikiliza.

Jambo jingine ni uchovu wako. Umeandika kwamba unaposti peke yako mpaka unajihisi unaongea na ukuta. Kaka, au dada, wiki hizo tatu ni zako pia. Mwendeshaji asiyepumzika anaanza safari inayofuata akiwa na hasira na watu wake, na wanaihisi kwenye kila sentensi. Toa uvumi wako wa Ijumaa, kisha kaa pembeni usome wanavyoandikiana.

Kwa kuwa ninyi mmeshafunga safari bila amana, usingoje mpaka ijayo. Kesho mwandikie kila mmoja inbox, mtu mmoja mmoja, kwamba mhusika wake ameamka na kukuta kitu mlangoni, kimeachwa na fulani, pamoja na ombi la kutunzwa. Taja kitu chenyewe na aliyekiacha. Kabla ya hapo mwombe ruhusa yule unayesema amekiacha, asije akashangaa. Utapata wasiojibu. Wapite, endelea na wanaojibu, hata wakiwa sita.

Na hao wanne waliokaa kimya usiwatoe, wala usiwafuatefuate kuwauliza wako wapi. Kimya hakina maana moja. Kijana wetu wa Dodoma hakuandika herufi kwa miezi saba. Nilijua kidogo tu kwamba baba yake anaumwa, sikumsumbua. Kabla hajanyamaza, mhusika wake alikuwa amemwachia Bi Mwanakhamisi kisu cha babu yake. Dada yule aliendelea kuandika kila wiki, mistari miwili, kwa mtu asiyejibu, mapumziko mawili mfululizo, na safari zilipokuwa zinaendelea alikibeba kisu hicho kiunoni bila kukitoa kwenye ala. Mwezi wa nane, Jumapili mchana, kijana akaandika tu: "Jahazi la Mafia limefika. Hodi." Kabla hata mimi sijaona, Bi Mwanakhamisi alikuwa ameshajibu:

"Karibu mwanangu. Kisu chako nakipaka mafuta kila Ijumaa. Ingia ukichukue."