Yai la Arusha si yai la Tanga

SWALI: Habari za kazi. Nilipokuwa Tanga nilikuwa nachemsha yai dakika sita, linatoka na ute ulioshika na kiini kizito cha kuchovya mkate. Tangu nihamie Arusha, kwa dakika zile zile ute unabaki majimaji. Nimebadili sufuria, nimefungulia gesi hadi mwisho, wapi! Mayai ya huku yana nini? (Msomaji, Sakina)

JIBU: Pole, dada. Mayai hayana kosa lolote, kilichobadilika ni maji. Tanga iko usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 100. Arusha iko juu, mita 1,400 hivi. Hewa huku ni nyepesi, kwa hiyo maji yanachemka mapema, kwenye nyuzi 95 au karibu na hapo. Ukiyaona yanatokota unadhani ni moto ule ule wa Tanga, kumbe yai linaiva kwa joto pungufu. Kufungulia gesi hakusaidii: maji yakishachemka hayapandi tena, yanaishia kuwa mvuke na mtungi unakwisha. Kinachotakiwa ni muda.

Chemsha kwanza maji ya kufunika mayai kwa kina cha vidole viwili. Yakitokota, punguza moto yabaki yanachemka polepole, kisha teremsha yai kwa kijiko hadi chini. Ukilidondosha litapasuka, na moto mkali utaligonganisha na wenzake. Hesabu dakika 7 tangu lilipoingia. Ndugu zetu wa Moshi, walio chini kidogo, dakika 6 na nusu zinawatosha. Hesabu hiyo ni ya yai la kisasa la ukubwa wa kawaida lisilotoka kwenye friji. Likiwa la baridi ongeza dakika moja. La kienyeji ni dogo, punguza dakika moja au zaidi kidogo. Unataka kiini kikavu? Dakika 12. Ukipitiliza sana, kiini kinazungukwa na utepe wa kijani kibichi unaonuka kidogo: ni salfa ya ute imekutana na chuma cha kiini. Halina sumu, ila utamu umepungua.

Muda ukitimia, tia yai kwenye maji baridi nusu dakika, vinginevyo linaendelea kujipika ndani ya ganda. Simamisha kwenye kikombe kidogo cha kahawa, upande butu juu, gonga kwa mgongo wa kijiko na ukate kofia. Nyunyiza chumvi palepale kwenye kiini. Na kama unataka yai la kumenya lote, usichukue lililotagwa jana: yai bichi sana ganda lake hung'ang'ania ute. La siku tano hadi saba linamenyeka vizuri.

SWALI: Tosti zangu za jiko la mkaa zinanuka moshi, na zikifika mezani zimelegea. Nifanyeje? (Msomaji, Majengo, Moshi)

JIBU: Kaka, unaweka mkate mapema mno. Subiri mkaa uvae jivu jeupe na moshi ukatike kabisa, ndipo uweke wavu. Simama hapo hapo, maana upande mmoja hauchukui hata dakika mbili. Mkate wa jana ni bora kuliko wa leo kwa sababu umepoteza maji, na slesi iwe nene kama kidole. Nyembamba inakauka hadi ndani na kuvunjika ukiichovya.

Kulegea kunatokana na kuzirundika. Tosti ya moto inatoa mvuke, na ikilaliwa na nyingine mvuke huo unarudi ndani ya mkate. Ziegemeze kwenye kikombe cha chai, zisimame dakika moja zipumue. Halafu paka siagi hadi kingoni na ukate vipande virefu vinavyoingia kwenye yai. Asiye na wavu atumie kikaango kikavu, moto wa wastani, bila mafuta. Mafuta yakitangulia, mkate unayanywa na unakuwa wa kukaanga. Ni mtamu nao, lakini haulii kwenye meno.

Kwa baridi ya Juni na Julai, tosti ndiyo iwe ya mwisho kutoka jikoni. Yai linatunza joto ndani ya ganda lake, chai ya maziwa inatunzwa na chupa, ila tosti haimsubiri mtu.

SWALI: Mwanangu ana mwaka na nusu. Nimpe kiini laini? (Msomaji, Njiro)

JIBU: Hapana, mama. Yai lisiloiva linaweza kubeba bakteria wa salmonela, na watoto wadogo, wajawazito na wazee huumizwa nao kuliko wengine. Mpikie dakika 12, liponde kwa uma pamoja na siagi kidogo na kijiko cha maziwa ya moto hadi lilainike, umpakie kwenye tosti iliyoondolewa kingo.