Zawadi ya Krismasi kwa mtoto wa miezi mitano: nunua ya Februari

Mjomba, umeuliza umnunulie nini mpwa wako ambaye wiki ya Krismasi anatimiza miezi mitano. Wazazi wake wako Dar, kuna kaka yake wa miaka minne, mkononi una elfu hamsini, na macho yako yameshaangukia vitu viwili: suti nyekundu ya Baba Krismasi yenye manyoya, na kile kigari cha magurudumu anachowekwa mtoto ajifunze kutembea. Nakuomba uviache vyote viwili. Sababu ninazo.

Mtoto wa miezi mitano hajui kama ni sikukuu. Kitakachomfaa ni kile atakachokitumia Januari mpaka Machi, na hiyo ndiyo miezi anayobadilika haraka sana. Leo anajigeuza, anadaka kilicho mbele yake na kukipeleka mdomoni. Akifika miezi sita anaanza kukaa, na ndipo anapoanzishiwa chakula. Kati ya saba na tisa wengi wanajiburuta na kutambaa. Karibu na miezi tisa, kidole gumba na cha shahada vinaanza kufanya kazi pamoja, naye anaokota hata punje ya mchele sakafuni. Ukinunua ukiwa unamwona mtoto huyo wa Februari, hutakosea sana.

Tuanze na nguo, maana ndizo watu wananunua zaidi na ndizo zinazokosewa zaidi. Dar mwezi wa Desemba mchana ni nyuzi 31 au 32, na hewa ni ya unyevunyevu. Suti ya manyoya ni poliesta; jasho halina pa kutokea, na kesho yake mtoto ana vipele vya joto shingoni, kwapani na kwenye mikunjo ya mapaja. Chukua pamba nyepesi, mikono mifupi. (Wangekuwa Njombe, Makete au Lushoto ningekwambia sweta na soksi bila kusita.)

Saizi usiisome kwa umri, isome kwa sentimita. Mtoto wa miezi mitano kwa wastani ana urefu wa sm 64 hadi 66, na akitimiza mwaka anakaribia 75. Nguo za China zilizojaa Kariakoo zimeandikwa 59, 66, 73, 80, 90: huo ni urefu wa mtoto, si umri wala kifua. Ile ya 66 itampendeza siku ya sikukuu, na Februari itakuwa inambana. Chukua 73, na kama mtoto ni mrefu au anavalishwa nepi za kitambaa, chukua 80, kwa sababu nepi inakula nafasi nyingi makalioni.

Ukiwa na nguo mkononi, angalia mabega. Rompa nzuri, ile nguo ya kipande kimoja inayofungwa katikati ya miguu, ina mabega yaliyopishana, kipande cha mbele juu ya cha nyuma, na shingo inatanuka mpaka inapita mabegani. Choo kikivuja mpaka mgongoni, mama anaishusha nguo kwenda miguuni badala ya kuipitisha usoni kwa mtoto. Vifungo vya kubonyeza vya katikati ya miguu vifungue na kuvifunga mara tatu nne hapohapo dukani. Kikilegea sasa, kitang'oka baadaye na kuishia mdomoni. Mapambo yaliyogundishwa kwa gundi, shanga, vitufe vya macho ya katuni, hivyo kataa. Soksi zigeuze ndani nje. Uzi uliolegea ndani unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu na kuzuia damu, na mtoto analia usiku kucha bila mtu kujua kinachomsumbua.

Mtumba haujakatazwa. Pamba iliyofuliwa mara nyingi ni laini kuliko mpya. Ila fua, anika juani mpaka ikauke kabisa, kisha piga pasi pande zote mbili, hata mshononi. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa kivulini zikiwa na unyevu. Mayai yakianguliwa, funza anaingia kwenye ngozi ya mtoto na kutoa uvimbe kama jipu. Pasi ya moto inayaua.

Sasa kile kigari. Canada ilipiga marufuku uuzaji na uingizaji wake mwaka 2004, na madaktari wa watoto katika nchi nyingi wanakikataa. Kinampa mtoto mwendo na kimo kabla hajapata akili ya kuvitumia. Sekunde moja yuko mlangoni, nyingine ameanguka ngazi za baraza. Akiwa ndani yake anafikia jiko la mkaa, kikombe cha chai mezani, waya wa jagi la umeme. Na hakimwahishi kutembea. Kutembea kunaanzia sakafuni: kulala kifudifudi akiwa macho na mtu akimwangalia, kujisukuma, kutambaa, kushika kiti na kusimama.

Ndiyo maana zawadi yangu ya kwanza ni mkeka. Mkeka wa ukindu, upana wa mita moja na nusu hivi, uliosukwa kwa kubana. Hauchomi kwa joto, na unafutwa kwa kitambaa. Unapouchagua pitisha mgongo wa kiganja, siyo kiganja chenyewe, pande zote mbili: ngozi ya huko ni nyepesi na itakuonyesha kila ncha inayochoma. Ncha zinazojitokeza zikatwe kwa mkasi. Kama una rangi, lowesha kitambaa cheupe na usugue kwenye ile nyekundu na ile ya zambarau. Ikitoka kwenye kitambaa, itatoka pia kwenye ulimi. Ile mikeka ya sponji ya vipande vya kuunganisha siipendi kwa umri huu, maana meno mawili ya mbele yakishatoka mtoto anamega kingo na kuzimeza.

Juu ya mkeka weka doti ya khanga, na hapo utakuwa umemzawadia na dada yako. Kipande kimoja kinatandikwa, cha pili kiko kwenye kamba. Kinafunika mabega wakati wa kunyonyesha kwenye daladala, kinakuwa mbeleko, kinakuwa taulo. Khanga mpya ina wanga unaoifanya iwe ngumu na isinyonye maji, kwa hiyo ifuliwe kwanza mara moja au mbili. Na tafadhali soma jina kabla hujalipa. Khanga nyingi zimeandikwa vijembe, na wewe unaipeleka nyumbani kwa shemeji yako ambako mama mkwe anaweza kuwepo. Tafuta ya dua au ya kumshukuru Mungu.

Kinachofuata ni vyombo vya kulia, kwa sababu Januari ndiyo kazi inaanza. Bakuli dogo la ml 250, vijiko viwili vya silikoni au plastiki laini visivyo na kingo kali, na kikombe kidogo cha wazi chenye mikono miwili. Bakuli la kipimo hicho lina faida: mtoto anaanza na vijiko viwili au vitatu kwa mlo, na polepole anafika nusu ya bakuli. Mama anaona kwa macho amekula kiasi gani, hapimi kwa kukisia. Kikombe cha wazi kinasafishika chote. Chupa yenye chuchu ina kona na vijitundu ambavyo maziwa yanagandia na kuoza, na kwa joto la Dar hiyo ni njia fupi ya kuharisha. Usipeleke chupa, wala maziwa ya kopo ambayo mama hajayaomba. Shirika la Afya Duniani linasisitiza maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, na tangu mwaka 1981 upo mwongozo wa kimataifa unaozuia maziwa ya kopo kutangazwa kwa mama. Zawadi ya kopo sebuleni inafanya kazi ileile ya tangazo.

Unga wa lishe nao uuache. Najua unaonekana ni upendo mkubwa: mahindi, karanga, soya, ulezi, vyote kwenye mfuko mmoja wa kilo mbili. Lakini mahindi na karanga ndizo zinazoshika sumukuvu, sumu inayotoka kwenye ukungu, kirahisi, na sumu hiyo huionji wala haiishi kwa kuchemsha uji. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Unga uliokwisha sagwa hujui karanga zake zilichambuliwa au hazikuchambuliwa, na kwa mtoto anayekula vijiko vitatu, kilo mbili zitakaa kabatini miezi. Dada yako atasaga kidogo kidogo cha kwake. Asali pia usipeleke, hata ile ya Tabora nzuri kabisa. Kabla ya mwaka mmoja inaweza kuwa na vijidudu ambavyo utumbo wa mtoto hauviwezi.

Kitu cha kuchezea nunua kimoja tu, kizuri. Kipimo cha kwanza ni kile kibomba cha boksi kinachobaki karatasi ya chooni ikiisha. Nenda nacho dukani. Chochote kinachopita ndani yake, au kipande chochote kinachoweza kung'oka na kupita, si cha mtoto wa chini ya miaka mitatu. Kisha vuta, pinda, kanyaga kwa kisigino. Kamba isizidi sentimita 20 na isiwe na kitanzi. Kama kina sauti, kiweke sikioni kwako, kwa kuwa yeye atakishikilia karibu hivyo. Kikikukera wewe, yeye kinamuumiza.

Betri ndizo ninazoogopa kuliko vyote. Zile bapa za duara kama sarafu ziko kwenye vitu vingi vya Krismasi: kofia zinazowaka, kadi zinazoimba, vitabu vya muziki, mishumaa ya bandia. Betri hiyo ikikwama kooni, mate yanaufanya umeme upite, na pale inapogusa nyama panatengenezwa magadi makali yanayounguza. Saa mbili zinatosha kuleta madhara makubwa. Hata betri iliyoishiwa nguvu kwenye saa inaweza kufanya hivyo. Mfuniko wa betri usiofungwa kwa skrubu, rudisha kitu hicho kwenye rafu. Na mtoto akidhaniwa ameimeza ni hospitali saa hiyohiyo, bila kusubiri dalili na bila kumtapisha.

Kayamba ndogo za kienyeji zinapendeza na sauti yake ni tulivu, ila uliza ndani kuna nini. Nyingine zina tipitipi, zile mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi. Zinang'aa, zinavutia, na zikitafunwa ni sumu kali. Hizohizo hutungwa bangili na mikufu. Kwa mtoto anayetafuna kila kitu usizilete ndani ya nyumba hiyo. Afadhali pete ya mti au ya silikoni ya kutafuna meno yanapoota, kipande kimoja kisicho na maji ndani. Ya mti iwe imepigwa msasa vizuri bila vanishi. Ukiipaka mafuta ya kula kidogo inatosha.

Mdoli wa manyoya vuta nywele zake. Zikibaki vidoleni, basi. Macho yawe ya kutariziwa. Usiku mdoli huyo anatolewa kitandani, na mto unatolewa pia: mtoto wa chini ya mwaka analala chali kwenye godoro gumu lisilo na chochote laini karibu na uso wake.

Poda mrudishie mwenye duka. Vumbi lake linaingia mapafuni na halizuii vipele. Mafuta ya mgando yasiyo na harufu yanatosha. Kichandarua cha mwavuli kinafaa kwa usingizi wa mchana sasa hivi, lakini akianza kujiburuta anakipindua, na mkono ukigusa neti mbu anauma kwa nje. Kwa usiku wana chandarua kikubwa chenye dawa.

Funga zawadi yote ndani ya kile kipande cha pili cha khanga, fundo moja juu. Nailoni inayong'aa na riboni ndefu ni hatari ya kukaba pumzi, na maputo vilevile: yakipasuka, vipande vyake vinaziba koo.

Huyo kaka wa miaka minne asikae anatazama mwenzake akifunguliwa vitu. Mpelekee mpira, au daftari la kuchora na kalamu nene za nta. Gololi na vitofali vidogo vya kuunganisha usimpe mwaka huu, kwa sababu atavimwaga kwenye mkeka huohuo, na Februari mdogo wake ndiye atakayekuwa wa kwanza kuviokota.